Nyota ya karatasi: zawadi ya Noeli inayotengenezwa kwa mikono kila mwaka

Noeli inakaribia, na sokoni mapambo ya plastiki yamekwisha kupangwa mezani. Yanang'aa, lakini mengi yatatupwa mbele ya mwezi wa pili kufika. Katika makala hii tunaeleza pambo la namna nyingine: nyota ya Herrnhut, ambayo wengine huiita nyota ya Wamoravian. Ilianza mikononi mwa wanafunzi, wengi wao watoto waliokuwa wakiishi mbali na wazazi wao, na kutengenezwa kwake kukawa desturi ya kila mwaka. Tutaeleza ilikotoka, namna ilivyoundwa na maana yake. Kisha tutaonyesha jinsi ya kutengeneza nyota ndogo yenye ncha 8 kwa karatasi, uzi na gundi ya unga wa muhogo, ili kila nyumba iweze kumpa mtu zawadi mwaka huu.

Mji ulioanzishwa na wakimbizi

Herrnhut ni mji mdogo ulio mashariki mwa Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Ucheki. Mwaka 1722 Waprotestanti waliokuwa wakikimbia mateso huko Moravia walipewa mahali pa kukaa katika mashamba ya kijana mmoja wa ukoo wa kitawala, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Kati yao walikuwamo wazao wa waamini waliofuata mafundisho ya Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415. Walikata miti, wakajenga nyumba, wakaupa mji wao jina lenye maana ya ulinzi wa Bwana.

Miaka 10 tu baadaye, mwaka 1732, wakimbizi hao wakaanza kutuma wamisionari. Wa kwanza walikwenda kisiwa cha St. Thomas, katika bahari ya Karibi, kuwahubiria watumwa Waafrika. Mwaka 1733 wengine wakaenda Greenland, kwenye nchi ya barafu. Mwaka 1891 wakafika Rungwe, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Hivyo Kanisa la Moravian likawa moja ya makanisa makubwa ya Tanzania, na leo lina waamini hata upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji wa Herrnhut katika orodha ya urithi wa dunia.

Watoto waliobaki nyuma

Kazi hiyo ya injili ilikuwa na gharama ambayo mara nyingi haisimuliwi. Wamisionari waliokwenda mbali waliwarudisha watoto wao Ulaya wakiwa bado wadogo, wasome katika shule za bweni za kanisa. Moja ya shule hizo ilikuwa Niesky, si mbali na Herrnhut. Barua ilipanda meli na kuchukua miezi mingi njiani. Mtoto aliweza kukua miaka mingi bila kuwaona baba na mama, na wako waliopata habari za kifo cha mzazi wakati kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Hatusemi kwamba desturi hiyo ilikuwa njema. Tunasema tu kwamba nyota yetu ilikulia katika mabweni ya namna hiyo.

Mwanzo wake ulikuwa somo la hesabu. Mwanzoni mwa karne ya 19, wanafunzi walitengeneza maumbo ya karatasi ili waelewe pembe, pande na mistari. Mwaka 1821, shule ya Niesky ilipotimiza miaka 50, nyota kubwa yenye ncha 110 iliangikwa uani, taa ikiwaka ndani yake. Baadaye watoto wa shule hizo wakawa na desturi ya kutengeneza nyota mpya kila mwaka, siku ya Jumapili ya kwanza ya majilio, yaani mwanzo wa majuma manne yanayotangulia Noeli. Za zamani zilikuwa nyeupe na nyekundu: nyeupe kwa ajili ya usafi, nyekundu kwa ajili ya damu ya Kristo. Walipotoka shuleni waliipeleka kazi hiyo nyumbani kwao, wakawafundisha ndugu zao, na baadaye watoto wao.

Mwishoni mwa karne ya 19, Pieter Hendrik Verbeek, aliyekuwa amesoma Niesky, alianza kuuza nyota na maelezo ya kuzitengeneza katika duka lake la vitabu mjini Herrnhut. Mwana wake Harry akaiendeleza kazi hiyo hadi ikawa karakana. Hata leo nyota zinatengenezwa kwa mikono Herrnhut, na watu wengi huinunua ikiwa vipande vipande, waiunganishe wenyewe nyumbani pamoja na watoto.

Namna nyota kubwa ilivyoundwa

Nyota ya kawaida ya Herrnhut ina ncha 25. Katikati yake kuna umbo lenye nyuso 26: nyuso 18 za mraba na nyuso 8 za pembetatu. Kila uso hupata ncha yake, isipokuwa uso mmoja wa mraba ulio juu, ambao huachwa wazi ili taa ipite. Kwa hiyo ncha 17 zina pande nne, na ncha 8 zina pande tatu. Waamini wengine hupenda kusema kwamba nafasi ile iliyo wazi inatukumbusha kuwa nyota haina mwanga wake yenyewe. Mwanga unaingia kutoka nje yake.

Maana yake katika Biblia inafahamika. Mathayo sura ya 2 inasimulia nyota iliyowaongoza mamajusi hadi Betlehemu, na katika Ufunuo 22:16 Yesu mwenyewe anajilinganisha na nyota ya asubuhi. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi nyota huangikwa mwanzo wa majilio na kuondolewa baada ya Epifania, tarehe 6 mwezi wa kwanza.

Mshumaa wa mwaka 1747

Kanisa hilohilo lina zawadi nyingine ya mikono iliyo nzee kuliko nyota. Mwezi wa 12 mwaka 1747, huko Marienborn, Ujerumani, Askofu Johannes von Watteville aliwapa watoto katika ibada mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu, kila mtoto wake. Alitaka wakumbuke moto ambao Yesu aliuwasha mioyoni kwa damu yake. Mpaka leo, katika makanisa ya Moravian ya Winston-Salem, Marekani, waamini hukutana mbele ya Noeli kuvisha mishumaa ya nta karatasi nyekundu, mmoja mmoja, kwa ajili ya kila atakayekuja ibadani.

Kanzu ndogo ya Hana

Kutengeneza zawadi ileile kila mwaka si jambo lililoanzia Ulaya. Tunalisoma katika 1 Samweli 2:19. Hana alikuwa amemwacha mwana wake Samweli akae hekaluni kwa Eli. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipopanda na mume wake kutoa dhabihu.

Tufikiri kidogo juu ya kanzu hiyo. Hana hakumwona mtoto akikua. Ilimbidi akisie urefu wa mikono na upana wa mabega. Kila kanzu ilikuwa kubwa kidogo kuliko ile ya mwaka uliopita. Tangu alipoishika sindano hadi alipofika mlangoni, mawazo yake yalikuwa kwa Samweli. Hiyo ndiyo tofauti ya kitu kilichonunuliwa na kitu kilichotengenezwa: cha pili kina ndani yake saa ambazo mtu alitumia akikufikiri wewe.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo, familia nyingi zinaijua hali ya Hana na hali ya wale watoto wa Niesky. Vita imemtupa baba upande huu na watoto upande ule. Wengine wako kambini, wengine wamevuka mpaka, wengine wanalelewa na bibi au na mama mkubwa. Mwaka uliopita, tulipotengeneza nyota na watoto wa shule ya Jumapili, tuliwaomba waandike nyuma jina la mtu watakayempa. Mtoto mmoja aliandika jina la kaka yake, ambaye jamaa hawajui aliko. Mwalimu akataka kumwambia achague mtu mwingine, kisha akanyamaza. Nyota hiyo inatunzwa ndani ya Biblia ya mama yao, na mwaka huu mtoto amesema atatengeneza ya pili.

Tutengeneze nyota ya ncha 8

Nyota ya ncha 25 inahitaji vipimo vingi na siku kadhaa. Hii ndogo inafaa hata kwa mtoto wa miaka 8 akisaidiwa. Tafuteni karatasi ngumu kidogo, kama jalada la daftari la zamani au kalenda ya mwaka uliopita, pamoja na mkasi, rula na uzi.

Gundi: koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Mimina katika nusu kikombe cha maji yanayochemka, ukikoroga, mpaka iwe nzito na kung'aa. Ipoe. Pakeni kidogo tu, maana gundi nyingi hulowanisha karatasi na baadaye huleta ukungu. Itumike siku hiyohiyo au kesho yake.

Hatua ni hizi:

1. Kateni karatasi mbili za mraba, kila upande sentimita 15.

2. Kunja karatasi katikati, upande juu ya upande, ifungue. Kisha kunja kwa upande mwingine, ifungue. Utaona alama ya msalaba.

3. Igeuze karatasi. Ikunje kona kwa kona, ifungue, na kona nyingine vilevile.

4. Kata juu ya ile mistari minne ya msalaba, kutoka ukingoni kuelekea katikati, sentimita 4 tu. Usifike katikati.

5. Sasa kila kona ina mabawa mawili. Kunja kila bawa kwa nyuma, kutoka mwisho wa mkato hadi kwenye ncha ya kona.

6. Paka gundi bawa moja, ulilaze juu ya mwenzake. Kona itainuka na kuwa ncha. Fanya hivyo kona zote nne, kisha karatasi ya pili.

7. Weka uzi katikati, gandisha nyota mbili mgongo kwa mgongo, ncha za moja zikikaa katika nafasi za nyingine. Ziache usiku mzima zikauke.

Anayependa aweza kugandisha juu ya karatasi vipande vya kitenge vinavyobaki kwa mshonaji, au nyuzi kavu za mgomba. Onyo moja: msiweke mshumaa ndani ya nyota ya karatasi wala karibu nayo. Kama mnataka mwanga, tumieni taa ndogo ya betri au ya jua.

Ili iwe desturi ya kila mwaka

Nyota moja ni pambo. Nyota kumi, kila moja na mwaka wake, ni historia ya nyumba. Tunashauri mambo matatu. La kwanza, chagueni siku moja isiyobadilika, kwa mfano Jumapili ya kwanza ya majilio baada ya ibada. La pili, andikeni nyuma ya kila nyota mwaka, jina la aliyeitengeneza na jina la atakayepewa. La tatu, kila mtu atengeneze mbili: moja ibaki nyumbani, moja iende kwa mtu aliye mbali au aliye peke yake, kama mjane, mgonjwa wa hospitali, mfungwa au jirani aliyefika juzi akiwa na mzigo kichwani. Ikipelekwa mbali, isigandishwe: itiwe katika bahasha vipande viwili vilivyolazwa bapa, na yule atakayeipokea aikamilishe mwenyewe.

Na kama hamjui anwani ya mtu huyo, itengenezeni hata hivyo. Andikeni jina lake, mwombeeni, itunzeni. Siku atakaporudi atazikuta zote, na kwa kuzihesabu atajua kwamba hakuna Noeli hata moja alipokosa kukumbukwa.