Deng Yaping na Waliokataliwa

Makocha wa timu ya tenisi ya meza ya jimbo la Henan walipomrudisha kwao binti wa Deng Dasong, mnamo miaka ya themanini ya karne iliyopita, hawakumshitaki kwa uvivu wala kwa uzito wa akili; walisema tu kwamba ni mfupi, na kwamba mtu wa kimo kile, hata ajitahidi namna gani, hataweza kuiwahi mipira itakayopelekwa pembeni mwa meza na washindani wenye mikono mirefu. Hukumu hiyo haikukosa hoja, kwani hata alipokwisha kukua Deng Yaping hakuzidi mita 1.50, ilhali meza ya mchezo huu, yenye urefu wa sentimita 274, ina upana wa sentimita 152.5, hata ikawa upana wake peke yake umemshinda yeye kimo. Wachina waliokuwa na watoto chungu nzima wa kuchagua hawakuona sababu ya kujitia mashakani kwa ajili ya mmoja, na kama si baba yake, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji na mwalimu wa mchezo huu mjini Zhengzhou, habari zake zingekomea hapo.

Ili kuielewa hukumu ile yatupasa kurudi nyuma kidogo, tutazame jinsi dola ile ilivyoutwaa mchezo uliobuniwa na Waingereza kwa burudani ya baada ya chakula ikaufanya kuwa jambo la serikali. Uchina ya Mao, kwa sababu ya ugomvi juu ya Taiwan, ilijitoa katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1958, lakini katika Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza ilibaki, na mlango huo mmoja uliokuwa wazi ndio iliyoutumia kwa nguvu zake zote. Mwaka 1959 huko Dortmund, Rong Guotuan, mzaliwa wa Hong Kong, akawa raia wa kwanza wa jamhuri ile kutwaa ubingwa wa dunia katika mchezo wowote. Mwaka 1961 mashindano yaliandaliwa Beijing penyewe, njaa ikiwa imetanda nchini, na Qiu Zhonghui akawa mwanamke wa kwanza wa Kichina kulishika taji la dunia. Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, ambamo mabingwa waligeuzwa washukiwa na Rong Guotuan akafikwa na mauti mwaka 1968, na timu haikuonekana tena katika mashindano ya dunia mpaka Nagoya mwaka 1971, safari ile iliyozaa mwaliko wa wachezaji wa Kimarekani kuzuru Uchina na ambayo imekwisha kuandikwa mno na wengine.

Kilichobaki baada ya msukosuko huo kilikuwa ni utaratibu: mtoto huanza katika shule ya michezo, akipita huingia timu ya mji, kutoka hapo ya jimbo, na kutoka ya jimbo wachache mno huitwa Beijing kwenye timu ya taifa, na kila daraja ni chekeche lenye matundu madogo kuliko la kabla yake. Utaratibu huo ulileta mataji, hapana shaka. Timu ya wanawake ya Uchina ilishinda ubingwa wa dunia mara 8 mfululizo, kuanzia 1975 hadi 1989. Lakini chekeche halina budi kumwaga, na waliomwagwa hawakuacha kuwa wachezaji. Jambo hilo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa kuifahamu enzi ya Deng Yaping, wala si kule kuhesabu medali ambako waandishi wa magazeti wamekupenda sana.

Baba yake, aliyemshikisha kibao tangu umri wa miaka mitano, alimpangia mchezo unaolingana na umbo lake. Upande mmoja wa kibao aliubandika raba laini yenye kuushika mpira na kuuzungusha; upande wa pili, ule wa kupigia mipira ya kushoto, aliuwekea raba yenye vinundu virefu vilivyo laini kama nyuzi. Vinundu hivi haviushiki mpira bali huinama chini yake, hata mzunguko alioutia mshindani humrudia mwenyewe ukiwa umegeuka kinyume, na mpira huja ukitikisika hewani pasipo yeye kujua kama utazama au utapaa. Wengi waliotumia raba ya namna hii walikuwa watu wa kujihami, wanaosimama mbali na meza na kurudisha tu kwa subira. Deng Yaping aliitumia kinyume cha desturi hiyo: alisimama karibu kabisa na meza, tumbo karibu kugusa ukingo, akaupiga mpira ungali unapanda kutoka mezani, kabla haujafika kilele chake. Mwenye kimo hulazimika kuinama na kuchutama ili afanye hivyo, naye mfupi macho yake yako karibu na uso wa meza tayari. Na mpira unaopigwa mapema haupati nafasi ya kukimbilia pembeni, basi ile hoja ya makocha wa Henan juu ya mikono mifupi ikapungua uzito kwa hatua mbili tu za kusogea mbele. Miguu ndiyo iliyolipa gharama yake, kwani mtu asimamaye pale hana muda wa kufikiri, na toka utotoni alizoezwa kukimbia akiwa amefungwa mifuko ya mchanga miguuni.

Akiichezea timu ya mji wa Zhengzhou, alitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986, naye ana miaka 13. Hata hivyo Beijing ilisita, na mjadala wa zamani ukafufuliwa neno kwa neno, mpaka mwaka 1988 alipoingizwa katika timu ya taifa kwa kutetewa hasa na kocha Zhang Xielin, aliyekuwa bingwa wa kujihami katika ujana wake na aliyejua thamani ya mchezo usiofanana na wa wenzake. Mwaka uliofuata, huko Dortmund, akashinda taji la dunia la wawili wawili pamoja na Qiao Hong, mwanamke mtulivu wa mchezo na wa tabia, aliyemzidi umri kwa miaka kadhaa. Watazamaji walizoea kumwona Qiao Hong akicheza bila ya kubadilisha uso, na pembeni yake yule mdogo akipiga kelele kila apatapo pointi, ngumi imekazwa, kana kwamba amekosewa adabu.

Kisha, mwaka 1991, katika mji wa Chiba nchini Japani, likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Korea mbili zilizopigana vita zilipeleka timu moja chini ya bendera yenye ramani ya rasi yao, na katika fainali ya timu za wanawake zikaikatia Uchina mfululizo wake kwa mechi 3 kwa 2. Deng Yaping, aliyeaminiwa kuwa nguzo, alipoteza mchezo wa ufunguzi mbele ya Yu Sun-bok wa Korea Kaskazini. Siku chache baadaye, katika mashindano ya mmoja mmoja, alimshinda Li Pun-hui wa timu ile ile akawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Na mwaka 1992 huko Barcelona akapata dhahabu mbili za Olimpiki, moja kwa kumshinda rafiki yake Qiao Hong na nyingine akiwa naye upande mmoja. Juan Antonio Samaranch, rais wa Kamati ya Olimpiki na mzaliwa wa Barcelona, ndiye aliyemvika medali, na tangu siku hiyo hakuficha mapenzi yake kwa mchezaji huyo.

Walakini katika kilele hicho ndipo waliomwagwa walipoanza kurudi. Mwaka 1993, katika mashindano ya dunia huko Gothenburg, bingwa wa dunia na wa Olimpiki aliondolewa mapema na Jing Junhong, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa amehamia Singapore. Mwaka 1994, katika Michezo ya Asia mjini Hiroshima, aliangushwa katika fainali na mchezaji wa Japani aliyeitwa Koyama Chire, ambaye kila Mchina ukumbini alimjua kwa jina lake la zamani, He Zhili.

Kisa cha mama huyu chastahiki kusimuliwa, kwani bila yake habari ya Deng Yaping huwa nusu. Katika mashindano ya dunia ya New Delhi mwaka 1987, viongozi wa timu waliamuru kwamba He Zhili ampishe Guan Jianhua katika nusu fainali, kwa hesabu kwamba Guan angefaa zaidi dhidi ya Mkorea Yang Young-ja. Amri za namna hiyo zilikuwa ni desturi ya miaka mingi, na wengi waliitii kimyakimya. He Zhili alikataa. Akamshinda Guan, akamshinda na Yang, akawa bingwa wa dunia, na malipo yake yakawa kuachwa nje ya timu iliyokwenda Seoul mwaka 1988, ambako mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Akaolewa na Mjapani, akaondoka. Huko Hiroshima, akiwa na umri wa miaka 30, aliwaondoa mmoja baada ya mwingine Chen Jing aliyechezea Taiwan, Qiao Hong na Deng Yaping, akishangilia pointi zake kwa Kijapani, na hasira iliyozuka Uchina ilikuwa kubwa mno. Mimi nadhani hasira hiyo ilielekezwa pasipostahili.

Deng Yaping alijibu mezani. Mwaka 1995, mbele ya watu wake huko Tianjin, alitwaa mataji ya mmoja mmoja, ya wawili wawili na ya timu. Na mwaka 1996 huko Atlanta akafika tena fainali ya Olimpiki, akamkuta upande wa pili Chen Jing, mzaliwa wa Wuhan, aliyeshinda dhahabu ya Seoul akiwa na jezi ya Uchina na ambaye sasa alivaa ya Taiwan. Zama zile seti ilikwenda mpaka pointi 21, na kila mmoja huanzisha mpira mara tano mfululizo, hata mechi ikawa na nafasi ya kupanda na kushuka. Deng akashinda mbili za mwanzo, 21-14 na 21-17. Akaikosa ya tatu kwa pointi chache, 20-22. Akapoteza ya nne, 17-21. Mtu aliyeongoza kwa mbili kisha akafikiwa aghalabu huingia seti ya tano akiwa amekwisha kushindwa moyoni. Yeye aliimaliza kwa 21-5, na Samaranch akashuka tena kumvika medali.

Baada ya mashindano ya dunia ya Manchester mwaka 1997, alikomshinda Wang Nan aliyekuwa akichipukia, aliacha mchezo akiwa na miaka 24, mataji 9 ya dunia na dhahabu 4 za Olimpiki. Aliingia Chuo Kikuu cha Tsinghua kusoma Kiingereza, na kwa maelezo yake mwenyewe, alipoambiwa aandike herufi zote za alfabeti ya lugha hiyo, alizichanganya kubwa na ndogo wala hazikutimia. Kutoka hapo alikwenda Nottingham, kisha Cambridge, ambako alipewa shahada ya uzamivu mwaka 2008.

Michezo ya Sydney ya mwaka 2000 ilichezwa bila yake. Fainali ya wanawake ilikuwa baina ya Wang Nan na Li Ju, wote wa Uchina, na Wang Nan akashinda. Medali ya shaba iligombewa na Chen Jing wa Taiwan na Jing Junhong wa Singapore, akaipata Chen Jing, hata ikawa wanawake wanne wa mwisho waliobaki mezani wote walizaliwa na kufunzwa Uchina, na jezi walizovaa zilikuwa za nchi tatu.