King Majuto: mtu alicheka mbele hajasema kitu

Jina lake la kweli ni Amri Athumani. Alizaliwa mwaka 1948 kule Tanga, inchini Tanzania, akaanza kuigiza jukwaani akiwa angali mtoto.

Kuchekesha kwake kulikuwa ndani ya mwili. Anatoa macho, anapinda mdomo, anatembea kama mzee mwenye haraka asiyejua anaenda wapi, halafu anasimama tu, anakuangalia. Unacheka mbele hajasema kitu. Ndiyo maana hata sisi wa huku, ambao Kiswahili cha pwani kinatupita mara na mara, hatukupotea. Kwa maneno tu, wengine walimshinda. Kwa sura, hapana.

Kutoka jukwaani aliingia kwenye video, akatoa nyingi sana. Zingine alicheza na kijana Sharo Milionea, mwenyeji wa Tanga pia, aliyekufa kwa ajali ya gari Novemba 2012.

Sura hiyo iliuza video na matangazo ya biashara, ila feza hazikulingana na jina. Hilo lilitoka wazi mwaka 2018 alipougua. Alipelekwa India kutibiwa, na watu wakaanza kuuliza: alisaini mikataba ya namna gani? Harrison Mwakyembe, waziri aliyehusika na sanaa wakati ule, aliunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii.

King Majuto alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Alizikwa kwao Tanga.