Kiazi Kilichovuka Bahari: Asili ya Sheria za Afya ya Mimea

Msomaji, ukifika bandarini Mombasa au katika uwanja wa ndege wa Nairobi, utawaona wasafiri wakitoa hati zao ili zikaguliwe. Jambo hilo halikushangazi. Lakini pengine hujui kwamba kitunguu, nyanya na kiazi kitokacho ng'ambo nacho hudaiwa hati yake. Hati hiyo huitwa cheti cha afya ya mimea, na shehena isiyo na cheti hicho yaweza kurudishwa ilikotoka au kuteketezwa kwa moto. Wako watu wanaosema kwamba huo ni usumbufu wa makarani tu. Ili upate kuamua kama wasema kweli, yakupasa kujua kwanza sheria hiyo ilianzaje.

Kiazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wahispania walikileta Ulaya katika karne ya 16, na polepole kikawa chakula cha maskini wa nchi nyingi. Huko Ireland ardhi ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache, na mkulima mdogo alibakiwa na kipande kisichotosha nafaka. Hakuna zao lililoweza kushibisha jamaa nzima katika kipande kama hicho ila kiazi. Ilipofika mwaka 1845 nchi hiyo ilikuwa na watu wapatao milioni nane, na karibu milioni tatu kati yao hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea. Wengi walipanda aina moja, iliyoitwa Lumper. Na kwa kuwa kiazi huzaliwa na kiazi, mimea hiyo yote ilikuwa kama pacha: ugonjwa uliomwua mmoja uliweza kuwaua wote.

Ugonjwa huo ulikuwa njiani. Mwaka 1843 ulionekana mashariki ya Marekani, karibu na Philadelphia na New York. Kati ya mwaka 1845 ukatokea Ubelgiji, na mwezi wa Septemba ukaingia Ireland. Majani yalipata mabaka meusi, mashina yakanyauka, na viazi vilipofukuliwa vilikuwa vimeoza na kunuka. Watu walitafuta sababu: wengine walisema ni mvua, wengine hewa mbaya, wengine adhabu ya Mungu. Kasisi mmoja wa Kiingereza, Miles Berkeley, alieleza mwaka 1846 kwamba mabaka yale yaliletwa na kiumbe kidogo mfano wa kuvu, lakini wataalamu wengi walimpinga. Ilikuwa mpaka miaka ya 1860 ndipo Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha jambo hilo. Siku hizi kiumbe hicho huitwa Phytophthora infestans. Mbegu zake ndogo huchukuliwa na upepo wakati wa baridi na unyevu. Lakini bahari pana hazikuivuka kwa upepo. Wataalamu huamini kwamba zilisafiri melini, ndani ya viazi vilivyobebwa na wafanya biashara, na bandarini hapakuwa na mtu wa kuvichungua.

Kati ya miaka ya 1845 na 1852 watu wapatao milioni moja walikufa katika Ireland kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi yao. Haifai kuutwika ugonjwa lawama yote. Nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kutoka Ireland kwenda kuuzwa Uingereza, na msaada wa serikali ulikuwa haba tena ulichelewa. Ugonjwa uliua viazi. Dhuluma na uzembe wa wanadamu ukasaidia kuua watu.

Haukupita muda mrefu, mdudu mdogo kutoka Amerika akaanza kuiangamiza mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1860, akiishambulia mizizini. Hapo mataifa yakaanza kuzinduka. Mwaka 1878 wajumbe wa nchi kadhaa za Ulaya walikutana mjini Bern, Uswisi, wakafanya mapatano juu ya mdudu huyo. Mapatano hayo yalitengenezwa upya mwaka 1881, yakaagiza kwamba miche ya bustani inayovuka mpaka ifuatane na hati ya wakuu wa serikali. Hapo ndipo unapoona babu wa cheti chetu cha leo.

Wakati huo huo adui mwingine wa kiazi alikuwa akitembea. Huyu ni mbawakawa wa Colorado, mdudu wa manjano mwenye mistari kumi myeusi mgongoni. Alianza kuharibu viazi huko Nebraska mwaka 1859, na kufikia mwaka 1874 alikwisha fika pwani ya Atlantiki. Ujerumani ikapiga marufuku viazi vya Marekani mwaka 1875, na Uingereza ikatunga sheria ya wadudu waharibifu mwaka 1877. Mdudu huyo alipoonekana Tilbury, karibu na London, mwaka 1901, alisakwa akamalizwa. Lakini Ufaransa alipata makao karibu na Bordeaux baada ya Vita Kuu ya kwanza, akaenea Ulaya bara. Kweli bahari iliisaidia Uingereza. Lakini bahari hiyo hiyo haikuwasaidia watu wa Ireland mwaka 1845, kwa sababu hapakuwa na mlinzi mlangoni.

Mapatano ya dunia nzima yalitiwa sahihi mjini Roma mwezi wa Desemba 1951. Taratibu yake si ngumu. Nchi inayonunua hutaja masharti yake na kutoa kibali. Nchi inayouza hukagua mboga shambani na ghalani, kisha hutoa cheti. Shehena ifikapo, mkaguzi huchukua sehemu yake na kutazama kama kuna wadudu, udongo au dalili za ugonjwa.

Kenya ilikuwa na sheria ya kulinda mimea tangu mwaka 1937, hata hivyo ugonjwa ule wa viazi uliingia mwaka 1941. Sasa kazi ya ukaguzi ni ya shirika la KEPHIS, lililoundwa mwaka 1996. Nalo halilali bila shida. Mwaka 2011 maradhi ya kuua mahindi yalizuka Bomet. Mwaka 2014 alionekana nchini nondo wa nyanya aitwaye Tuta absoluta, mwenyeji wa Amerika ya Kusini aliyefika Hispania mwaka 2006 na kuteremka Afrika. Mdudu mwenye mabawa haombi ruhusa mpakani. Sheria haizuii yote, ila hupunguza milango.

Tena upanga huu hukata kuwili. Tangu Desemba 2019 karibu mboga na matunda yote mabichi yaingiayo Umoja wa Ulaya hudaiwa cheti. Yaliyosamehewa ni mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani tu. Mkulima wa mishiri au pilipili katika Kenya yaweza kumpotea shehena nzima kwa sababu ya kiwavi mmoja. Je, hiyo ni kinga au ni ukuta wa kumzuia maskini asiuze? Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana mapatano ya biashara ya dunia ya mwaka 1995 yanataka masharti ya namna hii yawe na msingi wa sayansi, yasiwe hila ya kuficha ushindani. Nchi yenye wakaguzi hodari na maabara nzuri yaweza kubishana. Isiyo navyo hukubali tu inayoambiwa.

Basi, msomaji, usiidharau karatasi ile. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Ukitoka safari ya mbali na kutaka kuleta kiazi kimoja cha mbegu mfukoni, kumbuka kwamba mkaguzi hakidai hicho kiazi kwa choyo. Shamba la jirani yako ambaye hujapata kumwona nalo limo mfukoni mwako.