Fiziki ya wanawake: uamuzi na jukwaa

Fiziki ya wanawake ni kitengo cha utunishaji misuli kilichoingizwa kwenye mashindano ya Olympia, Marekani, mwaka 2013. Dana Linn Bailey ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza. Mshindani hupanda jukwaani pekupeku, amevaa vazi la vipande viwili, na anapotunisha mikono huacha viganja wazi badala ya kukunja ngumi, kisha hucheza onyesho lake kwa muziki. Kila jaji huwapanga washindani kwa nafasi. Nafasi zikijumlishwa, mwenye jumla ndogo hushinda. Hesabu hiyo haina shaka. Kasoro huja kabla yake, pale jaji anapotakiwa kuadhibu misuli iliyozidi bila kuambiwa imezidi wapi. Kwa msimu wa 2005, shirikisho la kimataifa la utunishaji misuli, IFBB, liliwataka wanawake wapunguze misuli kwa asilimia 20: kwa kipimo gani?

Watetezi wa utaratibu huu hujibu kwamba hata wanaume wana mipaka. Ni kweli, ila katika fiziki ya klasiki mwanamume hupewa kikomo cha uzito kulingana na kimo chake, na mizani ndiyo huamua. Mwanamke ameachiwa jicho la jaji. Jicho hilohilo, kwenye mashindano ya wanawake ya utunishaji misuli huko Las Vegas mwaka 1983, lilimpa mshindani Bev Francis, aliyewazidi wenzake wote kwa misuli, nafasi ya nane.