Maureen O'Hara: Sauti Iliyofunikwa na Rangi

Historia ya sinema imemweka Maureen O'Hara mahali pamoja tu: Malkia wa Technicolor, Mwayalandi mwenye nywele nyekundu aliyeng'ara kila kamera ya rangi ilipomwelekea. Sifa hiyo ni ya haki, ila imeficha nusu ya kipaji chake. Binti huyu aliyezaliwa Ranelagh, Dublin, mwaka 1920, alikulia kwenye uimbaji. Mama yake alikuwa mwimbaji, naye mwenyewe alitamani opera hata alipojiunga na Abbey Theatre akiwa na miaka 14. Kilichozuia sauti yake isisikike kwa miaka mingi ni mkataba. Mwigizaji Charles Laughton ndiye aliyempa nafasi kwenye filamu ya Jamaica Inn mwaka 1939, akampeleka Hollywood mwaka huohuo kuigiza mhusika Esmeralda katika filamu nyingine. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, mkataba wake ukauzwa kwa kampuni ya filamu ya RKO, na tangu hapo waajiri ndio waliomchagulia kazi. Kwa kuwa rangi ilileta watu sinema, wakampa meli za maharamia, majumba ya masultani na mapigano ya panga. Mwaka 1946 aliigiza katika Do You Love Me, filamu ya muziki kabisa, lakini mwimbaji humo alikuwa Dick Haymes.

Tazama sasa sauti hiyo ilisikika lini. Katika The Quiet Man ya mwaka 1952, iliyopigwa kwa sehemu kubwa kijijini Cong, jimbo la Mayo, mhusika wake Mary Kate anagombania mahari yake na vyombo vyake vya nyumbani, kikiwemo kinanda ambacho anakipiga na kuimba. Miaka michache baadaye, televisheni ilipokuwa imewanyang'anya wenye studio watazamaji wao na nguvu ya mikataba ikipungua, O'Hara akawa mgeni anayeimba katika vipindi vya waimbaji Perry Como na Andy Williams. Akatoa santuri mwaka 1958, na nyingine ya nyimbo za Ayalandi mwaka 1962. Televisheni nyingi za majumbani enzi hizo hazikuonyesha rangi. Nywele zilizomjengea jina zikawa za kijivu, na mtazamaji akabaki na sauti.

Wapo watakaosema kwamba jukwaa lilikwisha kutoa hukumu, kwani tamthilia ya muziki Christine, aliyoigiza kama mhusika mkuu Broadway mwaka 1960, ilifungwa baada ya maonyesho 12 tu. Lakini tamthilia ya muziki hubebwa na hadithi, nyimbo na mtaji pia, na nyingi zimeanguka zikiwa na waimbaji hodari. Isitoshe, O'Hara alifika hapo akiwa na miaka 39, bila zile fursa ndogondogo ambazo wenzake walijifunzia ujanani. Wengine watauliza: je, rangi si ndiyo iliyomlisha? Ni kweli, ilimlisha, lakini pia ilimfungia mlango. Hakuwahi kuteuliwa hata mara moja kushindania Oscar, hadi alipopewa ile ya heshima mwaka 2014, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kwa hiyo orodha ya filamu zake haitoshi kumpima. Orodha hiyo inatuonyesha soko lilitaka kununua nini. Uwezo wake tuutafute pia kwenye santuri zake na vipindi vya televisheni, alikopata nafasi ya kuimba.