Mshairi aliyehojiwa beti kwa beti

Katikati ya mwaka 1079, askari waliingia Huzhou, mashariki ya China, wakamkamata mkuu wa mji huo na kumpeleka Kaifeng, makao ya mfalme. Hakuna kodi iliyopotea mikononi mwake. Alishtakiwa kwa mashairi.

Huyo ni Su Shi, ambaye Wachina wengi humwita Su Dongpo. Alifaulu mtihani mkuu wa kifalme mwaka 1057, akiwa na umri wa miaka 20 tu. Katika China ya zamani, mshairi na mtumishi wa serikali mara nyingi walikuwa mtu mmoja, kwani tangu enzi ya Tang utunzi wa mashairi ulikuwa sehemu ya mtihani wa kuajiriwa. Dola iliwanoa vijana kwa tungo, ikawalisha mafunzo ya Confucius kwamba mtumishi mwema humwonya mfalme anapopotoka, kisha ikashangaa walipotumia tungo hizo kuonya.

Washairi waliomtangulia kugongana na utumishi wa serikali walikuwa wengi. Qu Yuan wa dola ya Chu, zaidi ya miaka 1,300 kabla yake, alifukuzwa barazani, na inasimuliwa kwamba alijitosa katika mto Miluo. Mwaka 405, Tao Yuanming aliacha ukuu wa wilaya ya Pengze baada ya siku zipatazo 80, akaona heri jembe kuliko kumwinamia mkaguzi. Nawaheshimu wote wawili, lakini Su Shi ananivutia zaidi: alibaki kazini, na humo kazini hakufunga mdomo.

Ugomvi ulianzia kwenye mageuzi ya waziri mkuu Wang Anshi. Serikali iliwakopesha wakulima fedha za msimu kwa riba ya asilimia 20, na ikabana biashara ya chumvi. Nia ilikuwa kuwaokoa maskini na wakopeshaji wenye riba kali zaidi. Su Shi, aliyekuwa mikoani, aliona maafisa wakiwalazimisha watu kukopa, na wazee wa milimani wakila chakula kisicho na chumvi. Akayatia hayo katika beti, na beti zikachapwa na kuenea.

Wapelelezi wa idara ya ukaguzi, iliyoitwa Jumba la Kunguru kwa sababu ya ndege waliokaa kwenye miti yake, walimhoji ubeti kwa ubeti. Hapa ulimlenga nani? Fumbo hili lina maana gani? Mdogo wake, Su Zhe, aliomba avuliwe cheo ili kaka yake asiuawe. Baada ya miezi ipatayo minne kifungoni, Su Shi alihamishiwa Huangzhou, akiwa na cheo kisicho na mamlaka na kipato cha kubahatisha. Akalima shamba kwenye mteremko wa mashariki, na jina Dongpo likatoka hapo.

Mpaka hapo, ni kisa cha mpinzani aliyeadhibiwa na mahasimu wake. Mtihani mgumu zaidi ulikuja mwaka 1085, mfalme Shenzong alipofariki na wapinzani wa mageuzi, wakiongozwa na Sima Guang, wakashika hatamu. Su Shi alirudishwa kwa heshima kubwa. Sima Guang alitaka kufuta kila kitu cha Wang Anshi. Su Shi akampinga hadharani: sheria iliyowaruhusu wananchi kulipa fedha badala ya kufanya kazi za lazima za serikali ilikuwa na faida, na ilistahili kubaki. Kumpinga adui hulipwa sifa na wenzako. Kuwapinga wenzako kwa kumtetea adui hakulipwi na yeyote. Ndipo akachukiwa na pande zote mbili.

Kundi la mageuzi liliporudi madarakani, alisukumwa hadi Huizhou mwaka 1094, na mwaka 1097 akavushwa bahari hadi kisiwa cha Hainan. Alisamehewa mwaka 1100, akafariki mwaka uliofuata mjini Changzhou, njiani akirudi kaskazini. Hata kaburi halikumpa amani: baraza likaamuru mbao za kuchapia vitabu vyake ziharibiwe. Amri hiyo haikufua dafu, kwa kuwa miongo saba baadaye mfalme Xiaozong, wa ukoo uleule wa Song uliomwadhibu, aliketi mwenyewe akaandika dibaji ya maandishi ya Su Shi.