Chura wa Manyunyu ya Kihansi

Ninyi mkaao Buswahili, karibu na mto Mara, mnawajua sana vyura wa mabwawani, ambao sauti zao husikika usiku kucha. Leo nawasimulia habari za chura mwingine wa Tanzania, ambaye makao yake si maji yaliyotulia, bali kando ya maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa.

Wataalamu walimwona kwanza mwaka 1996, kazi ya kujenga bwawa la umeme ikiwa imekwisha kuanza. Ni chura wa manjano, mdogo sana. Hata aliye mkubwa hafikii sentimeta 3. Tena hatagi mayai majini, bali huzaa watoto walio hai. Aliishi katika majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, wala hakupatikana po pote pengine duniani.

Basi nchi ilihitaji umeme, na chura alihitaji manyunyu. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, majani yakaanza kukauka. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwezi wa Juni 2003 vyura wa bondeni walikisiwa kuwa 20,000 hivi. Kufika Januari 2004 walionekana wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulikuwa umewaingia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hayupo tena porini.

Lakini wale waliopelekwa ng'ambo walizaana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Kama wataalamu wasingalitazama kwa makini mwaka 1996, chura huyu angalitoweka bila hata kupewa jina. Kwa hiyo, wewe utazamaye vyura kando ya kijito kiendacho kasi, nenda polepole, usiwashike, maana ngozi yao ni laini nao huvuta pumzi kwayo. Ukiwa na kamera, piga picha, ukaandike siku na mahali. Kisha safisha viatu vyako na kuvikausha kabla ya kwenda kijito kingine, maana kuvu huchukuliwa katika matope. Kiumbe kilichoandikwa habari zake chaweza kutafutiwa msaada. Kisichojulikana hufa kimya.